Siku za Kufua

Nguo za mtoto zilikuwa chini kabisa ya sanduku, mpya, zimekunjwa kwa uangalifu, na mwenye sanduku hakuwa na mtoto.

Inspekta Kasyoki Kaindi alizitoa moja moja akazipanga juu ya kitanda: suruali ndogo, sweta, kofia yenye masikio ya sungura. Chumba kilikuwa cha nyumba ya wageni huko Westlands, ghorofa ya pili, na dirishani magari ya Jumatatu asubuhi yalikuwa yamekwama kama kawaida. Msichana aliyesimama kando ya kitanda aliitwa Kelsey. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, amekuja kutoka Marekani na kundi la kanisa kwa majuma matatu ili kulea watoto yatima katika Makao ya Mbegu ya Heri, karibu na Dagoretti Corner. Ndege yao ilikuwa inaondoka usiku huo.

Tangu Ijumaa jioni mtoto mmoja wa makao hayo hakuwa ameonekana. Alikuwa wa kiume, wa miezi minane, jina lake Yoshua. Bi Veronicah Mbuthia, mkurugenzi wa makao, alikwisha kuandika kauli: mara mbili, mbele ya watu, Kelsey alisema angerudi nyumbani na Yoshua. Iwapo hadi jioni Kasyoki asingepata jibu jingine, ingembidi amzuie msichana huyu nchini. Akifanya hivyo, kila mtu angeamini mwizi amepatikana, na hakuna ambaye angemtafuta mtoto kwingineko.

Walizungumza Kiingereza.

"Hizi ni za nani?" Kasyoki aliuliza.

"Za Yoshua. Nilitaka kumwachia."

"Umezifungasha za kurudi nazo kwenu."

"Bi Veronicah alikataa. Alisema ama wote wapate ama asipate yeyote. Sikuwa na za kuwatosha wote."

"Ulisema utaenda naye nyumbani?"

Kelsey alishusha macho. "Nilisema. Sote tulisema. Kila mtu alisema hivyo kuhusu mtoto wake."

"Mtoto wake?"

"Siku ya kwanza kila mmoja wetu alipewa mtoto. Wa kumbeba, kumlisha, kumwombea. Mimi nilipewa Yoshua."

"Na mkiondoka?"

"Kundi lingine linafika Alhamisi." Aliinua macho, kana kwamba sentensi hiyo aliisikia kwa mara ya kwanza.

Kasyoki alianza kukunja nguo upya. "Nieleze huyo Yoshua. Ni mtoto wa namna gani?"

"Hakuwa kama wale wengine. Wengine hata kama hawajawahi kukuona wananyoosha mikono uwabebe. Yeye alikuwa anakutazama kwanza. Na tumbo lilimsumbua. Kuna siku alikataa chupa kabisa, tukampa dawa ya tumbo. Siku hizohizo, jioni, alikuwa analia na hanyamazi hata nimbembeleze vipi."

"Siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa. Nakumbuka kwa sababu ndizo siku za chapati."

"Siku hizo kuna mtu anayekuja ambaye siku nyingine haji?"

Kelsey alifikiri. "Mama anayefua. Lakini yeye hawezi kuwa ndiye, ana mtoto wake mwenyewe mgongoni. Nilimwandikia mama yangu habari zake. Anafua tangu asubuhi, anainama, anainuka, anaanika, na yule mtoto halii. Hata mara moja. Wetu wanalia kutwa, wake hata sauti hatoi. Tulikuwa tunasema watoto wa huku wakiwekwa mgongoni wanapata amani."

Mikono ya Kasyoki ilisimama juu ya sweta.

"Kutwa nzima?"

"Mpaka anaondoka."

"Ulimwona akimteremsha?"

"Hapana."

"Akimnyonyesha? Akimbadilisha nepi?"

"Hapana."

"Uso wa huyo mtoto uliuona?"

"Alikuwa amefunikwa. Kulikuwa na baridi. Nilitaka kumchungulia, Jacklyne mlezi akanizuia. Aliniambia huku mtu hafunui mtoto wa mwenzake."

"Alikwambia kweli," Kasyoki alisema, akafunga sanduku, akaondoka na pasipoti ya msichana.

Nje, Konstebo Omollo alikuwa ameegemea gari akila njugu. "Madam, tunambeba huyu mzungu ama tunamwacha?"

"Kwenu mlizaliwa wangapi, Omollo?"

"Tisa."

"Kati yenu ni nani aliyekaa mgongoni kutwa nzima bila kulia?"

"Mimi. Nilikuwa mtoto mpole sana."

"Nani alisema?"

"Mimi mwenyewe."

"Washa gari," Kasyoki alisema.

Bi Veronicah aliwapokea langoni, miwani yake ya kusomea ikining'inia kifuani kwa mnyororo mweupe. Kwa kawaida alikuwa katika ofisi ya makao mjini, ghorofa ya nne, lakini tangu Ijumaa alikuwa akija Dagoretti kila siku.

"Mmemkamata?"

"Bado."

"Mnangoja apande ndege ndipo mumpungie mkono?"

"Bi Veronicah, nakuuliza tena. Kuna mtu yeyote aliyewahi kuja kumdai mtoto huyu?"

"Inspekta, nilikwisha kuandika na nikaweka sahihi. Yoshua hana mtu duniani. Aliokotwa Kinoo mwezi wa pili, polisi wenzako ndio walimleta. Angekuwa na mtu, angekuwa hapa?"

Kasyoki alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akamgeukia mlinzi. Alikuwa mtu mzima aliyeitwa Obuya, mwenye koti zito na rungu ambalo halikuonekana kama limewahi kumgusa mtu.

"Mzee, Ijumaa ni nani walitoka hapa?"

"Wazungu walitoka na basi yao. Mifuko yote nilifungua, hata ile ya gitaa. Walikasirika, nikawaambia kazi ni kazi. Mtu wa gesi alitoka. Mama wa kufua akatoka."

"Mama wa kufua ulimkagua?"

"Mkoba wake nilifungua. Sabuni na chakula."

"Na mgongoni?"

Obuya alimtazama kwa mshangao. "Madam, mama amekuja na mtoto, mama ametoka na mtoto. Sasa nimuulize nini?"

"Ulimfunua?"

"Nifunue mtoto wa mtu! Kwani mimi ni nani? Mtoto akifunikwa anafunuliwa na mamake. Ukifunua akapata homa, utasema nini?" Akajikuna kidevu. "Lakini siku hiyo alikuwa ameamka. Mguu ulitoka chini ya shali, soksi ya upande mmoja haiko. Nikamwambia, mama, mtoto amepoteza soksi. Akasema asante baba, akarudisha mguu ndani. Tangu aanze kuja hapa ndiyo mara ya kwanza niliona huyo mtoto wake. Mguu mnono, madam, wa kupendeza."

Omollo aliacha kutafuna.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jengo, kimeshikana na chumba cha watoto, na mlango kati yao haukuwa na kufuli. Kasyoki alipopita kwenye vitanda, watoto watatu walimnyooshea mikono kwa pamoja. Alimwinua mmoja. Mtoto alilaza kichwa begani pake papo hapo, kama aliyemjua tangu kuzaliwa. Alipomrudisha hakulia. Aligeuka tu akamnyooshea Omollo mikono.

"Kitanda cha Yoshua ni kipi?"

Jacklyne mlezi, mwanamke mwenye mikono mipana na sauti ya chini, alionyesha kile kilicho karibu na mlango. "Hiki hapa."

"Kuna wakati ambapo chumba hiki kinabaki bila mlezi?"

"Kubaki hivi hivi, hapana." Jacklyne alisita. "Labda saa nne. Wageni wanaimba uani. Bi Veronicah anataka walezi wote tuwe pale, ndiyo picha zijae. Watoto wadogo wamelala wakati huo."

"Kila siku?"

"Kila siku ambayo tuna wageni. Na wageni tuko nao kila siku."

Kasyoki aliingia chumba cha kufulia. Kulikuwa na mabeseni manne, kamba za kuanika, ndoo ya vibanio, na pembeni rundo la mashuka yaliyochanika yakingoja mtu wa kuyashona. Alivaa glavu, akaanza kuyatoa. La mwisho lilipotoka, kitu kilianguka sakafuni kwa kishindo kidogo.

Kilikuwa mto wa kochi, umekunjwa katikati na kuviringishwa kwa kitambaa. Juu yake lilishonewa boshori la kijani, kofia ya sufu ya mtoto, kwa uzi mweusi, mishono midogo na ya karibu karibu. Kasyoki aliuinua. Ulikuwa mzito, na ndani yake punje zilisogea. Mahindi makavu. Yalikuwa yameshuka upande wa chini, kwa hivyo mto ulining'inia mkononi mwake jinsi mtoto aliyelala anavyoning'inia. Chini ya mashuka palibaki pia soksi moja ya manjano.

Jacklyne aliketi juu ya beseni lililopinduliwa.

"Mimi huyo nimempapasa," alisema. "Nikipita hapa nampiga matako kidogo, 'lala baba, lala.' Joyline anacheka. Jamani. Nilikuwa nabembeleza mahindi."

Omollo alitoka nje haraka, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Joyline ndilo jina lake?" Kasyoki alisema. "Ulimtoa wapi?"

"Pale Dagoretti Corner, kwa wale wamama wanaongoja kazi ya kufua. Mwezi wa tano. Alikuwa anatembea kwa shida, mguu mmoja si mzima, nikamhurumia. Madam, ni mwizi wa watoto? Tumekula naye sahani moja."

"Mwizi angemchukua siku ya kwanza na kupotea. Huyu alikuja majuma mengi, na kila alipokuja mtoto alikataa chupa." Kasyoki aliweka soksi ndani ya mfuko wa plastiki. "Mtoto anayekataa chupa na halii njaa, Jacklyne, ana tatizo gani?"

Jibu lilipomjia Jacklyne, alijishika kifua.

Wanawake wanaongoja kazi ya kufua walikuwa wameketi kwenye ukingo wa mtaro, karibu na duka la vioo, kila mmoja na mfuko wake. Waliona gari, wakaona nywele fupi za Omollo, wakaacha kuzungumza. Ni mmoja tu aliyebaki akiwatazama, mama mnene mwenye kitambaa cha zambarau kichwani. Wenzake walimwita Mama Peres.

"Tunamtafuta Joyline," Kasyoki alisema. "Yule wa mguu."

"Amefanya nini?"

"Sijasema amefanya kitu."

"Polisi wawili na gari, kumbe mmekuja kumsalimia tu! Basi tutamfikishia salamu."

Wenzake walicheka. Kasyoki alichuchumaa ili macho yao yawe sawa. "Mama Peres, ana mtoto?"

"Si anambeba?"

"Umemwona huyo mtoto?"

Kicheko kilikwisha. Mama Peres alivuta uzi wa kitambaa chake. "Hapa alikuwa anakuja bila kitu mgongoni," alisema kwa sauti ndogo. "Akipata kazi anaenda kule nyuma ya choo, anatoa mto kwa mfuko, anajifunga. Sote tuliona. Tukasema huyu amefiwa. Mtu akifiwa na mtoto unamwacha abebe anachobeba. Hakuna aliyemuuliza."

"Hakufiwa."

Mama Peres alimkazia macho kwa muda, kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa barabara ya Naivasha. "Kinoo. Juu ya lami, nyuma ya pale wanapochonga mawe ya makaburi. Na usimkimbilie na pingu, madam. Huo mguu hauwezi kukimbia."

Walipita Kawangware, wakatokea Uthiru, wakapanda hadi Kinoo. Nyuma ya wachonga mawe kulikuwa na safu ya vyumba vya mabati vinavyotazama ua mmoja. Kasyoki hakuhitaji kuuliza ni kipi. Mbele ya mlango wa mwisho ilifungwa kamba, na kambani zilianikwa nepi, nyeupe, zimenyooshwa pembe kwa pembe kama zinavyoanikwa na mtu aliyezoea kufanya kazi ya watu. Mwishoni kabisa, kwenye kibanio chake peke yake, ilining'inia soksi moja ya manjano.

Alilinganisha na ile ya mfukoni, akabisha mlango.

"Ingia," sauti ilisema.

Joyline alikuwa ameketi kitandani. Hakuwa amepita miaka ishirini na mitano. Mguu wa kushoto ulikuwa umenyooshwa mbele juu ya ndoo, na kwenye muundi kulikuwa na kovu refu la upasuaji. Mtoto alikuwa ananyonya. Alimtazama Kasyoki kwa jicho moja, bila kuachia ziwa.

"Ni nyinyi," Joyline alisema.

"Ni sisi. Mimi ni Inspekta Kasyoki."

"Ngoja amalize."

Kasyoki alivuta kigoda akaketi. Omollo alisimama mlangoni, kisha akageuka akatazama uani.

"Anaitwa nani?" Kasyoki aliuliza.

"Clifford."

"Ilikuwaje?"

Joyline alizungumza bila kuinua sauti. Mwezi wa pili, akivuka barabara kwenda kununua mboga, aligongwa na pikipiki. Mtoto alikuwa amemwacha kwa jirani. Alikaa hospitalini hadi mwezi wa nne, na siku za kwanza hakujua hata jina lake. Jirani alingoja, akachoka, akampeleka mtoto polisi na kusema ameokotwa, maana aliogopa kuulizwa maswali mengi. Joyline alipotoka, chumba kilikuwa na mtu mwingine na vitu vyake vilikwisha kutupwa.

"Karatasi za kuzaliwa zilikuwa kwa hivyo vitu?"

"Zote. Nikaulizia mpaka nikajua yuko makao gani. Nikaenda ofisini kwao mjini. Ghorofa ya nne, lifti imeharibika, na mimi na magongo. Nilienda mara tatu. Ule mama akasema lete karatasi. Nikasema pima damu. Akasema mtoto ameshapewa jina, na kuna wageni wanampenda."

"Mama gani?"

"Wa miwani. Iko na mnyororo mweupe."

Kasyoki aliandika sentensi hiyo polepole, neno kwa neno.

"Ulipoanza kufua, ulimpata siku ya kwanza. Mbona hukumchukua siku hiyo?"

Joyline alimtazama kana kwamba swali lilikuwa la mtoto mdogo. "Nimchukue nimpe nini? Maziwa yalikuwa yamekauka. Miezi miwili hospitali, hakuna wa kunyonya. Kwanza nilitaka yarudi. Wakienda kuimba, naingia, namweka kwa titi. Siku za kwanza hakuna kitu, ananyonya tu bure, ananiangalia. Baadaye yakaanza." Alimfuta mtoto shavu kwa kidole. "Na yule mzee wa geti pia alihitaji kuzoea."

"Damu itapimwa. Ikisema si wako?"

"Pima leo."

Simu ya Kasyoki ililia. Alitazama jina, akapokea hapo hapo alipoketi.

"Inspekta," Bi Veronicah alisema. "Jacklyne ananiambia mambo ya mito na mahindi. Umempata mtoto?"

"Nimempata. Ni mzima."

"Mungu ni mwema! Mlete moja kwa moja. Hao wa Alhamisi wameshatumiwa picha yake."

Joyline alimvuta mtoto karibu zaidi. Sauti ya simu ilikuwa kubwa, na chumba kilikuwa kidogo.

"Haji huko," Kasyoki alisema. "Anaenda kwa afisa wa watoto, na mamake. Watakaa pamoja hadi damu ipimwe, hilo nitaliomba kwa maandishi. Wewe nakuhitaji kituoni kesho asubuhi kuandika kauli nyingine."

"Kauli nyingine ya nini? Nilishaandika."

"Uliandika kwamba hakuna aliyewahi kumdai. Nina mtu hapa aliyepanda ngazi zako mara tatu kwa magongo."

Simu ikakatwa.

Kasyoki alipiga nambari ya Westlands. Kelsey alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Konstebo atakuletea pasipoti yako jioni," Kasyoki alimwambia kwa Kiingereza. "Unaweza kusafiri."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko na mama yake. Anaye, Kelsey. Ni yule aliyekuwa akifua."

Msichana alianza kulia, akajizuia. "Amekunywa maziwa?" aliuliza. "Chupa ya asubuhi huwa anapenda iwe na joto kidogo. Amekubali?"

Kitandani, mtoto alikuwa ameachia ziwa. Alicheua kidogo, akalala hapo hapo, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika shingo ya gauni la mama yake.

"Amekataa," Kasyoki alisema. "Ameshiba."

Akaweka simu mfukoni, akainuka, akachukua shali kwenye msumari na kumpa Joyline.

"Mfunge vizuri," alisema. "Nje kuna baridi."